UZI: Masanduku ya stima na faiba Kisumu yachorwe, na mchoro uchaguliwe na mtaa wenyewe

MchoraMabango_Kibuye

Wanajukwaa, salamu kutoka kando ya ziwa.

Naleta hoja ambayo nimeibeba muda mrefu. Tembea Oginga Odinga Street, kisha ufuate Jomo Kenyatta Highway mpaka Kondele, na safari hii uangalie vitu ambavyo macho yamezoea kuviruka: masanduku ya chuma yaliyosimama kando ya njia. Kuna ya kugawia stima yenye alama ya radi, kuna makabati ya faiba, nyaya za intaneti, ambayo yanazidi kuongezeka, kuna ya taa za barabarani, na kuna ya simu za zamani ambayo kutu imeyamaliza. Mengi ni ya kijivu au kijani kilichochujuka, na juu yake kumebandikwa kila kitu: mganga, mkopo wa haraka, chumba cha kupanga, mkutano wa injili. Uchaguzi ukikaribia zinapandishwa nyuso za wagombea, mmoja juu ya mwenzake, na mvua ikinyesha zinaning'inia mwaka mzima.

Pendekezo langu ni kwamba masanduku haya yachorwe. Si jambo jipya duniani. Brisbane, Australia, walianza kuwapa wakazi masanduku ya taa za kuongozea magari wayachore tangu 1999, na Dublin nao wanatangaza nafasi, watu wanatuma michoro, waliochaguliwa wanapewa sanduku. Tofauti ninayoitaka kwetu ni moja, na hiyo ndiyo sababu ya uzi huu: mchoro uchaguliwe na wale wanaokaa na hilo sanduku. Mama anayeuza nyanya mbele yake, vijana wa stage ya bodaboda, mshona viatu anayeliegemea, mwenye duka nyuma yake. Nimekuwa nikichora mabango na kuta za maduka kwa riziki yangu, na nimeona kazi zinazoshushwa kutoka ofisini: mchoraji anakuja na picha iliyokwisha kukubaliwa, anapaka, anapigwa picha, anaondoka. Haupiti muda tangazo la mkopo limebandikwa palepale juu ya uso wa twiga, na hakuna wa kulibandua kwa sababu hakuna aliyeulizwa kuhusu twiga.

Na tusiseme sanaa ya ukuta ni ya kuletewa. Nyanya zetu, Wajaluo kwa Waluhya, walikuwa wakisiriba nyumba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha wanazichora kwa udongo wa rangi, mwekundu, mweupe, mweusi. Ukipita ndani ya vijiji bado utaziona chache. Hakuna aliyewaletea picha kutoka nje. Kila mama alichora ukuta wake, na mvua ikiuharibu aliurudia yeye mwenyewe.

Sasa nataka kusikia: wapi tuanze, nani aulizwe, na nini kichorwe?

---

Fundi_Wa_Stima

Omera, hoja ni nzuri na mimi nitaunga mkono, lakini acha niseme la usalama kwanza kabla vijana hawajabeba brashi.

Ndani ya sanduku la kugawia stima kuna volti 415 kati ya waya na waya, na 240 kati ya waya na ardhi. Hilo sanduku haliko pale kama ukuta. Likiwa limeoza chini, au mlango umening'inia, au waya wa ardhi umeibwa na wauza chuma chakavu, mwili wake wote unaweza kuwa na stima bila wewe kujua. Mtu anakuja na kitambaa chenye maji kuosha vumbi, na hapo ndipo msiba unapoingia.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: sanduku bovu halichorwi. Linaripotiwa, linatengenezwa, linafungwa kufuli, ndipo rangi ifuate. Na siku ya kazi fundi wa mwenye sanduku awepo alipime kabla mtu hajaligusa. Asifungue mlango yeyote mwingine, asitoboe tundu, asipige msumari.

Mengine ambayo wachoraji huyasahau: alama ya radi na neno HATARI vibaki vinaonekana. Namba ya sanduku ibaki, maana usiku stima ikipotea fundi hutafuta namba, hatafuti picha ya samaki. Matundu ya hewa yasizibwe. Bawaba na tundu la ufunguo visishikwe na rangi. Kabati la faiba lina mitambo ndani na mingine ina betri, na joto ni adui yake. Ukilipaka jeusi au buluu nzito kote, hasa juu ambako jua la Kisumu linapiga wima, umelipikia mitambo yake. Juu pawe peupe au rangi hafifu, halafu mchoro mzito ushuke ubavuni.

---

Atoti_wa_Milimani

Hapo kwa namba ya sanduku nimekuelewa sana, fundi. Naunga mkono. Niko kwa kufuatilia uzi.

---

MamaPendo_Nyalenda

Nimesoma yote na nitasema linaloniuma. Huku kwetu Nyalenda mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani. Mitaro imejaa taka. Taa za njia nyingi haziwaki. Kuna sanduku mlango wake umefungwa kwa waya wa kawaida, watoto wanachezea pale wakitoka shule. Sasa nikisikia watu wanataka kuleta rangi, naona kama tunapakwa poda usoni na homa iko mwilini. Kaunti wakipata picha nzuri ya gazeti watasema Nyalenda imependeza, na mtaro utabaki vilevile.

Sisemi sanaa ni mbaya. Binti yangu anachora, na anachora vizuri. Nasema tu mtangulize yanayoua.

---

MchoraMabango_Kibuye

Mama Pendo, ahsante kwa kusema wazi. Nakubaliana nawe kuhusu lile sanduku lenye mlango wa waya, na nadhani hapo ndipo kazi hii inaweza kusaidia badala ya kuficha.

Fikiria hivi. Leo hilo sanduku ni la nani? Wa stima wanasema litashughulikiwa, mtaa unasema ni mali ya kampuni, kaunti inasema si letu. Tukikaa baraza kuchagua mchoro, jambo la kwanza litakaloandikwa kwenye barua ni hali ya sanduku: liko wapi, namba yake ni gani, mlango ukoje, limeoza wapi, na picha yake. Barua ya watu wa mtaa wanaotaka kupamba, yenye orodha ya ubovu iliyotiwa sahihi, ni ngumu kuitupa kuliko malalamiko ya mtu mmoja aliyepiga simu. Na kama Fundi alivyosema, rangi haigusi mpaka ubovu utengenezwe. Hilo liwe sharti lililoandikwa.

Kuhusu mtaro sina jibu la rangi. Mtaro unataka jembe na bajeti, na siku ya kikao cha kutoa maoni ya bajeti ya kaunti niko tayari kukaa upande wako.

---

MamaPendo_Nyalenda

Kama sharti litaandikwa, basi sawa. Lisiwe la mdomo.

---

Kaka_wa_Section58

Wakuu, niko Nakuru, naomba nichangie kwa sababu huku kwetu tuna ugonjwa ambao ningependa Kisumu muuepuke. Ugonjwa wenyewe ni heroe.

Kila ukuta, kila nembo, kila mzunguko wa barabara, ni heroe waridi. Nawapenda hao ndege, nimekua nikiwaona ziwani. Lakini tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda miaka ya 2010 na kuendelea, chumvi ya ziwa ilipungua, kile chakula chao cha majini kikapungua, na wengi wakahamia Bogoria na kwingine. Tunachora ndege ambaye mtoto wa Kaptembwo aliyezaliwa juzi hajamwona kwa wingi, na wakati huohuo hatuchori chochote kinachomhusu yeye. Huo ndio ubaya wa kuacha picha ichaguliwe na anayetaka kuuza mji kwa watalii.

Mimi ningeulizwa, sanduku moja la Bondeni ningempa Philip Waruinge. Bondia wa Nakuru, shaba ya Olimpiki Mexico 1968 na fedha Munich 1972, na mwaka ule wa 1968 alipewa pia kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi bora wa Olimpiki hiyo. Vijana wanaofanya mazoezi ya ngumi Bondeni wanalipita hilo sanduku kila jioni. Upande wa Hyrax Hill ningechora pimbi, mnyama mdogo aliyekipa kilima jina lake, na vyombo vya udongo vya watu wa kale ambao Mary Leakey alianza kuwachimbua hapo 1937. Sasa mji wetu ni jiji tangu Desemba 2021. Jiji lijue lina nini zaidi ya ndege mmoja.

Hongera kwa hoja. Mkifaulu tutaiga.

---

Nyar_Dunga

Kaka wa Nakuru umenigusa. Sisi heroe wetu ni mbuta. Kila mchoro wa Kisumu una samaki mkubwa wa fedha, na mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950. Ngege wa asili, yule ambaye wazee wetu walimjua, amekaribia kutoweka upande wetu. Mimi nataka sanduku la Dunga lichorwe ngege. Mtoto aulize huyu ni nani, na mvuvi aliye karibu amweleze.

Na togo, yale mafunjo yetu. Watu wanakuja Dunga kuangalia ndege wanaoishi ndani ya mafunjo peke yake, na akina mama wanasuka mikeka na vikapu kwa mafunjo hayohayo, lakini hujawahi kuyaona kwenye ukuta wowote mjini. Msuko wa mkeka peke yake ni mchoro tayari. Unazunguka sanduku pande zote nne bila kutafuta kichwa wala mkia.

---

Fundi_Rangi_Kondele

Sasa mniruhusu mimi niongee kirefu, maana watu wanafikiri kazi ni picha. Picha ni siku ya mwisho. Mchoro unabanduka kwa sababu ya kilichofanyika chini yake.

Kwanza mjue chuma chenyewe. Masanduku mengi mapya ni chuma kilichopakwa zinki, yaani jamii ya mabati. Ukichukua rangi ya mafuta ya kawaida ukaipaka moja kwa moja juu ya zinki, itang'aa vizuri sana, halafu itaanza kutoka vipande vipande. Si kwamba rangi ni mbaya. Mafuta ya rangi yakikutana na zinki yanatengeneza kitu kama sabuni katikati, na sabuni haishiki. Kwa hiyo kwenye zinki lazima utangulize praima, yaani rangi ya msingi, inayokubali zinki, ukimwambia muuza rangi atakupa, ndipo upake juu yake. Masanduku mengine ni plastiki ngumu ya nyuzi, nayo ina praima yake. Ya zamani ya chuma kitupu yanataka kukwanguliwa kutu, kupakwa redi oksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo uendelee.

Hatua zangu ni hizi. Karatasi zote zitoke, pamoja na gundi, hapo ndipo jasho linapoisha. Kuosha kwa sabuni kunafanyika baada ya fundi wa stima kusema sawa, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ndoo ya maji haimwagwi hapo. Kukauka kabisa. Msasa mwepesi ili rangi ipate pa kushika, lakini usikwangue zinki ikaisha, maana umelifungulia kutu mlango. Praima. Kisha rangi ya maji ya nje, ile nzuri ya akriliki, kwa sababu inanyumbulika chuma kinapopanuka mchana na kusinyaa usiku. Mwisho vanishi isiyo na rangi yenye kinga ya jua, mara mbili. Vanishi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kubandua tangazo la mganga bila kuondoka na jicho la ngege.

Saa za kazi: asubuhi. Kufikia saa saba chuma kimekuwa cha moto, rangi inakauka kwenye brashi kabla haijalala. Halafu mnajua hali yetu, alasiri wingu linapanda kutoka ziwani na radi juu. Mwezi: Januari au Februari. Ukianza Machi unabishana na masika.

Na rangi zenyewe. Kisumu tuko karibu kabisa na Ikweta, jua halina huruma. Waridi na zambarau za bei rahisi zinakufa mapema, nyekundu kali nayo inafifia. Zinazobaki ni za udongo: nyekundu ya matofali, kahawia, manjano ya udongo, pamoja na nyeupe na nyeusi. Mchora Mabango ametaja nyanya zetu. Ule udongo mwekundu waliopaka ukutani una rangi hiyo kwa sababu ya chuma kilichomo, na ndiyo hiyohiyo redi oksaidi ya kwenye kopo. Jua haliiwezi. Kwa hivyo tukichora kwa rangi zao hatutakuwa tunatafuta sifa ya utamaduni tu, tutakuwa tumechagua rangi itakayodumu kuliko zote dukani.

---

MchoraMabango_Kibuye

Fundi Rangi, erokamano ahinya. Hilo la mwisho sikuwahi kuliunganisha hivyo. Nitabadilisha michoro niliyokuwa nimeandaa.

---

Wakili_Mdogo_KSM

Nawasalimu. Upande wa sheria, mambo matatu yanayochanganywa.

La kwanza ni ruhusa. Sanduku lina mwenyewe, na mahali liliposimama pana mwenyewe. Kampuni ya stima au ya faiba inatoa ruhusa ya sanduku. Eneo la kando ya barabara ni la kaunti kama barabara ni ya kaunti, lakini barabara kuu ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na nyingine za mjini chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Pata barua kutoka pande zote mbili. Sheria ya Kawi ya 2019 ina adhabu nzito sana kwa anayeharibu vifaa vya stima, na polisi akikukuta na kopo la sprei kando ya sanduku hatasubiri maelezo. Tembea na nakala ya barua.

La pili ni matangazo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti mamlaka juu ya matangazo ya nje, na pia juu ya shughuli za kitamaduni. Hizi ni meza mbili tofauti. Mchoro usio na bidhaa wala nembo unaingia kwa utamaduni. Ukiweka nembo kubwa ya kampuni, mkaguzi wa kaunti ana haki ya kuuita tangazo na kudai ada.

La tatu wasanii hulisahau sana. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kazi ya kuagizwa hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake, kampuni ikikuagiza uchore sanduku na hamna maandishi, kesho inaweza kuichapa picha yako kwenye kalenda na fulana bila kukutafuta. Andikeni karatasi moja tu: nani ana hakimiliki, jina la mchoraji litawekwa wapi, sanduku likibadilishwa mchoraji ataarifiwa vipi. Karatasi moja inatosha.

---

Jaboda_Kondele

Mimi ni wa stage ya bodaboda, sijui mambo ya hakimiliki lakini najua kukaa. Sisi tuko hapo alfajiri hadi usiku. Sanduku letu tunaliegemea, tunaweka helmeti juu yake, mtu akija kubandika karatasi tunamwangalia tu kwa sababu si letu.

Kama mngetuuliza picha, nadhani wengi wangetaka kitu cha klabu ya mpira ya Gor Mahia, na wachache wangekataa, mabishano yataanza hapohapo. Lakini hayo mabishano ni mazuri. Yakiisha, kila mtu anajua alisema nini, na ile picha hata aliyeshindwa ataitetea kwa mtu wa nje.

Ombi langu moja: uso wa mwanasiasa aliye hai usichorwe. Awe wa chama gani. Kondele tumeona ya kutosha. Uso huo ukichorwa leo, kipindi cha kura watu watapigana juu ya sanduku lenye volti 415.

---

Nyar_Dunga

Hapo umesema kweli kaka. Na walio hai wakae kando, waliopita tuwape nafasi. Grace Onyango alikuwa meya wa mji huu 1965, mwanamke wa kwanza kuwa meya Kenya nzima, na 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge. Waulize wasichana wa sekondari hapa mjini wangapi wanamjua. Sanduku lililo karibu na ofisi za jiji liwe lake.

---

MfanyabiasharaMwema

Niulize la pesa, maana naona hakuna anayeligusa. Praima, akriliki, vanishi, msasa, chakula cha wachoraji. Nani atalipa? Mimi nafahamiana na watu kwenye kampuni fulani, wangeleta rangi zote kesho. Lakini watataka masanduku yote yawe na rangi ya kampuni, na kaulimbiu yao ubavuni. Naona si mbaya. Bora sanduku lenye kaulimbiu na limepakwa vizuri kuliko lenye kutu.

---

MchoraMabango_Kibuye

Ndugu, nia yako naiheshimu, ila hapo ndipo nitakaposimama nisisogee. Kuta za maduka zimeshauzwa zote. Ukitoka hapa hadi Busia unapita majengo ya rangi za kampuni za simu, soda, sabuni na simenti, mpaka kijiji kimoja hukitofautishi na kingine. Wenye maduka walipewa rangi ya bure, siwalaumu. Lakini masanduku ni chuma kidogo kilichobaki katikati ya njia ya watu, na nikikubali nayo yawe bango, nimewaambia akina Jaboda kwamba waliulizwa kwa ajili ya kupoteza wakati.

Mchango tupokee. Jina la aliyechangia liandikwe chini, herufi ndogo, sawa na la mchoraji. Akiona haitoshi, tutachanga. Sanduku moja si jengo. Maduka yanayolizunguka yakitoa kidogokidogo rangi inapatikana, na aliyetoa mia yake hataacha libandikwe karatasi.

---

MfanyabiasharaMwema

Bado naona mtachelewa kwa njia hiyo. Lakini nitatoa vanishi ya sanduku la kwanza, na jina langu msiliandike.

---

Mwalimu_Kakamega

Huku Kakamega nimewasomea wanafunzi wangu wa sanaa sehemu za uzi huu, wakataka kuanza leo. Wametaja shorobo mkubwa wa buluu wa msitu wetu, na ngoma ya isukuti ambayo UNESCO iliiweka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mmoja alisema ngoma tatu za isukuti, ya baba, ya mama na ya mtoto, zichorwe kwa mpangilio huo kwenye masanduku matatu yanayofuatana. Sikuwa nimelifikiria, nikanyamaza nikampa chaki aje achore ubaoni.

Nina swali kwa Fundi Rangi. Watoto washiriki vipi kwa usalama? Naogopa magari, na naogopa madini ya risasi yaliyoko kwenye rangi.

---

Fundi_Rangi_Kondele

Mwalimu, la risasi una haki kuliogopa, inadhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo. Kiwango cha Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, zaidi ya hapo hairuhusiwi. Nunua kopo lenye alama ya KEBS, shirika letu la viwango, na maandishi kwamba halina risasi, uachane na rangi za kupimiwa kwenye chupa ambazo hujui zilikotoka. Hatari kubwa zaidi ni rangi ya zamani iliyoko tayari kwenye sanduku. Msasa ukiisugua kavu vumbi linaruka. Kwa hiyo kukwangua kufanywe na watu wazima, wamefunika pua, kwa msasa wa maji, na mabaki yakusanywe yasibaki kwenye vumbi la njia.

Watoto wachore darasani, kwa karatasi yenye kipimo kilekile cha ubavu wa sanduku. Mchoro ukichaguliwa, sisi tunauhamisha kwa stensili asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache. Mtoto anakuja na mzazi kutia sahihi yake tu. Wala usimwone amenyimwa, mchoro ni wake.

---

Kaka_wa_Section58

Jambo la kuongeza kwa aliyesema kuhusu Kondele na kura. Mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipokuwa zimeitafuna Kibera, msanii anayeitwa Solo 7 alizunguka na brashi akiandika maneno ya amani kwenye kuta, mabati, milango, popote palipobaki pamesimama. Hakuwa na mfadhili wa kumpa kaulimbiu. Alikuwa mtu wa palepale, na ndiyo maana maneno yake yalisomwa. Nakuru nasi tuliumia mwaka ule, kwa hivyo naliweka hapa kwa heshima.

---

MchoraMabango_Kibuye

Nimewasikia nyote. Tulipofika ni hapa, na mwenye pingamizi aseme.

Tunaanza na masanduku machache yaliyo mazima, tusikimbilie barabara nzima. La stage ya Kondele, kama Jaboda na wenzake watakubali kukaa baraza. La njia ya Dunga, ngege na msuko wa togo. Lile la Nyalenda lenye mlango wa waya linaingia kwenye barua kama la kutengenezwa kwanza, na sitalitoa kwenye orodha mpaka Mama Pendo aseme limefungwa. La Grace Onyango tutaandikia ofisi ya jiji, na familia yake iulizwe kabla ya penseli kugusa chuma.

Barua itataja namba ya kila sanduku, hali yake, alama zitakazoachwa wazi, fundi wa mwenye sanduku kuwepo, na kwamba hakuna nembo. Wakili, nakuomba uisome kabla haijatoka. Rangi ni Januari.

---

Wakili_Mdogo_KSM

Nitumie kwa ujumbe wa ndani. Na weka kipengele cha matengenezo: nani atarudishia rangi ikichubuka, na kwa ruhusa ileile au mpya. Bila hicho, mwaka wa pili mtaanza ruhusa upya.

---

Jaboda_Kondele

Hicho cha kurudishia rangi tuandike sisi, stage. Mtuachie kopo dogo la kila rangi na mtuonyeshe jinsi.

---

MamaPendo_Nyalenda

Sanduku letu namba imefutika. Nimepiga picha, na nguzo iliyo karibu nalo ina namba inayosomeka. Hiyo itafaa kwenye barua?

---

Fundi_Wa_Stima

Itafaa kabisa, mama. Andika namba ya nguzo, sanduku liko upande gani wa nguzo na hatua ngapi, na jina la njia. Wataliona. Na mpaka waje, tafadhali watoto wasilikaribie, hasa mvua ikinyesha.